Kambi yangu ya kwanza ya mpira wa Kimarekani chuoni: Agosti, Texas, jua la kukausha dagaa

mtoto_wa_Nyarugusu

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa vijana wetu walioko majuu kuna mkuu mmoja aliandika kwamba wanaocheza mpira wa Kimarekani vyuoni "wanakula bata tu, wanalipiwa kila kitu". Nilikuwa kwenye basi, nikacheka peke yangu mpaka mama wa pembeni akasogea. Nikaona nisibaki na hili moyoni. Nitasimulia kambi yangu ya kwanza, ile ya kabla ya msimu, Agosti 2023. Chuo sikitaji, msinibane. Bado nipo pale.

Mimi ni mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu. Wazazi ni watu wa Fizi, Kongo. Tulifika Fort Worth 2016 nikiwa na miaka kumi na moja, najua mpira mmoja tu duniani, ule wa kupigwa na mguu. Nilipofika darasa la kumi kocha wa shule alinikuta koridoni, akaniuliza nina kilo ngapi. Jina hakuuliza. Kwa wasioijua Texas: huku Ijumaa usiku watu wanaenda kuangalia watoto wa sekondari wakicheza kama kwetu wanavyoenda kwenye mkutano wa injili, na bibi na viti vyao vya kukunja. Nikaingia, nikapenda kugonga watu bila kupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu.

Vyuo vikubwa havikunitaka. Kimoja cha kati kikasema njoo, nafasi ipo, hela hakuna. Sisi wa aina hiyo tunavaa jezi ileile, tunakimbia mbio zilezile, ila ada tunajitafutia. Mimi najiita mjileta. Kwa hiyo hilo la "kulipiwa kila kitu" tulifute mapema.

Naandika kwa vipande, nina kipindi saa nane.

Kiberenge

Weka benchi hapa tukae. Mjileta, endelea.

Chumvi_ya_Uvinza

Kasulu oyeee! Mkuu usije ukatuachia njiani kama wale wa "itaendelea".

mtoto_wa_Nyarugusu

Nimerudi.

Siku ya kwanza hakuna mpira, kuna foleni. Foleni ya daktari, ya picha, ya kusaini makaratasi, halafu ya stoo ya vifaa. Mtunza stoo ni mzee asiyecheka. Anakupima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, anakupa kofia, anaingiza upepo ndani yake kwa kipampu kidogo mpaka mashavu yanabanwa, kisha anaishika kwa mikono miwili na kukutikisa kichwa kama anachagua tikiti maji. Kichwa kikitembea ndani, anaongeza upepo. Mbele ya kofia anabandika plasta nyeupe yenye jina lako kwa kalamu ya wino mzito, maana makocha bado hawakujui. Langu walilikosea. Sikusema kitu. Nilikaa kambi nzima nikiitwa jina la mtu mwingine, na nikawa naitika.

Namba nayo nilipewa ya kushirikiana. Vyuoni wachezaji wanazidi mia, namba zinaishia 99, basi mshambuliaji mmoja na mlinzi mmoja wanaweza kuvaa namba moja ilimradi wasiingie uwanjani pamoja. Mwenzangu wa namba alikuwa mwaka wa nne, nyota. Nikikosea kwenye video, watu wanageuka kumcheka yeye. Hakunipenda.

Kitu nilichokipenda siku hiyo ni mkanda wa kufulia. Unapewa kamkanda kenye namba yako, unapitisha soksi, kaptula na fulana, unakafunga, unatupa lote kwenye pipa. Jioni unakuta vimefuliwa, vimekauka, havijapotea. Mama nilipomweleza alicheka kwa dakika nzima. "Nguo zako chafu zinafuliwa na serikali!" Nikamwambia sio serikali, mama. Hakuelewa, na mpaka leo anawaombea watu hao.

Raga_Damu

Niulize tu kwa heshima, msee. Hawa jamaa wanavaa kofia, vikinga bega, vikinga paja, na bado wanapumzika kila sekunde tano. Sisi huku Nairobi tunacheza raga dakika 80 na kaptula. Kambi ya nini hiyo ya kuogopwa?

mtoto_wa_Nyarugusu

Kaka, swali lako ni zuri na nilikuwa nalo mimi mwenyewe. Jibu: kwenye raga unamkaba mwenye mpira. Huku mtu anaruhusiwa kukupiga hata kama mpira uko mita ishirini kutoka ulipo na huna habari nao. Na kile kipumziko unachokiona ndicho kinachomfanya mtu wa kilo 140 akupige kwa nguvu zote kila mara, kama ndiyo kwanza anaamka.

Mkenya mwenzako Daniel Adongo alicheza raga New Zealand na Afrika Kusini, akasajiliwa na Indianapolis Colts, timu ya kulipwa ya huku, 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu. Mwili alikuwa nao wa kutosha. Nafasi yake ilikuwa lainibeki kama yangu, mlinzi wa katikati, na nafasi hiyo inataka ujue unachokitazama. Ndiyo habari ninayotaka kufika, ila kwanza jua.

Raga_Damu

Adongo namkumbuka. Sawa, nimekaa.

mtoto_wa_Nyarugusu

Ratiba: saa kumi na moja na robo asubuhi umeamka. Chai. Unafungwa vifundo vya miguu kwa utepe. Kikao. Uwanjani kabla ya saa moja, kwa sababu baada ya hapo jua la Texas halina mjomba. Mwaka ule nyuzi 40 mchana zilikuwa jambo la kawaida, watu hata hawazungumzii.

Usidhani siku ya kwanza tunagongana. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kinataka siku saba za kuuzoesha mwili. Unaanza na kofia tu na kaptula, kisha vinaongezwa vikinga bega, na vifaa kamili vinakuja mwisho. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza hizo siku za kofia tu ni mateso ya aina yake. Una hamu ya kuonyesha kwamba unajua kugonga, na kugonga kwenyewe marufuku. Kinachobaki ni kukimbia na kufikiri, na huko ndiko nilikokuwa hohehahe.

Kabla ya mazoezi unapanda mizani, jina lako linaandikwa na kilo zako. Baada ya mazoezi unapanda tena. Chooni juu ya kila sehemu ya haja ndogo pana karatasi ya rangi, kutoka maji ya limau hadi chai ya rangi. Unalinganisha. Ukiwa kwenye chai ya rangi, unywe maji kwanza ndipo umtazame mtu machoni.

Siku ya nne nilipungua kilo nne kwa mazoezi ya saa mbili. Nilikuwa na kilo 101, nikashuka 97. Misuli ya ndama ilikuwa inanivuta tangu katikati ya mazoezi, na kila ilipovuta niliinama kujifanya nafunga kamba za viatu. Mnajua tulivyolelewa. Mtoto wa kiume analia ndani. Kambini kwetu Nyarugusu mtu alisubiri mgao jua zima na hakuna aliyemuuliza unajisikiaje. Vumilia, baba, vumilia. Nikavumilia.

Tabibu wa timu, dada mmoja mfupi, mkali, akaangalia mizani, akaangalia viatu vyangu. "Kamba zako umezifunga mara tisa leo," akasema. "Nimehesabu."

Bwana_Takwimu

Naomba niingie hapo kidogo kabla mtoa mada hajaendelea, maana watu wanadhani hizo sheria za siku saba zilishuka kutoka mbinguni.

Mwaka 1954 kocha Bear Bryant aliwachukua vijana wa chuo cha Texas A&M kwenye mabasi akawapeleka mji mdogo unaoitwa Junction, ndani ya Texas hiyohiyo, wakati wa ukame. Siku kumi, uwanja wa mawe na miiba, na maji yalikuwa kama dhambi, kunywa ni udhaifu. Walioenda walikuwa kama mia, waliobaki kama thelathini na tano. Usiku watu walikuwa wanatoroka kwenda kudandia basi. Msimu ule walishinda mechi moja, wakapoteza tisa! Lakini mwaka 1956 wakamaliza bila kufungwa na kuchukua ubingwa wa ligi yao, basi watu wakasahau ile moja kwa tisa, wakabaki na hadithi ya mashujaa. Kwa miongo makocha waliiga ule ukatili wakidhani ndiyo siri ya ushindi.

Mazoezi mawili makali kwa siku moja yamepigwa marufuku vyuoni 2017 tu. Na 2021 wakabana zaidi: siku za kuzoea kutoka tano hadi saba, siku za vifaa kamili kutoka 21 hadi 9, na lile zoezi la kuwasimamisha wawili uso kwa uso wagongane kama kondoo dume huku wenzao wamewazunguka wakishangilia likafutwa.

Kiberenge

Mkuu Takwimu huwa analala saa ngapi?

Mama_Furaha

Mtoa mada mwanangu, habari ya masomo. Mimi niko Louisville, Kentucky. Kijana wangu ana miaka kumi na tano na ameniletea karatasi nisaini ajiunge na timu ya shule. Baba yake anasema ni vizuri, atakomaa. Mimi nimesoma hapo pa kamba za viatu nikaweka simu chini. Huyo dada alifanya nini?

mtoto_wa_Nyarugusu

Shikamoo mama. Masomo yanaenda, tunashukuru.

Alinitoa. Nikakosa mazoezi ya kesho yake, nikakaa kivulini na chupa ya maji ya chumvi chumvi, nikiwa na hakika kwamba nimeshafukuzwa. Jioni akatukusanya wote wa mwaka wa kwanza. Hakutuhubiria. Alitueleza tu habari ya Jordan McNair wa chuo kikuu cha Maryland. Tarehe 29 Mei 2018 alikuwa kwenye mbio za mazoezi, joto likampanda mwilini, akaishiwa nguvu. Hawakumtumbukiza kwenye maji ya barafu. Tarehe 13 Juni akafariki, na alikuwa na miaka 19. Chuo chenyewe kilikubali hadharani kwamba kilikosea. Alikuwa anacheza safu ya mbele, mtu mkubwa, mwenye nguvu kuliko wengi wetu pale ndani.

Kisha akatupeleka pembeni ya uwanja kutuonyesha beseni. Ni kama lile la kunyweshea ng'ombe, refu, limejaa maji, na pembeni magunia ya barafu. Akasema mtu akizidiwa na joto mwili ukapita nyuzi 40 na akaanza kuongea ovyo, humsubirishi gari la wagonjwa. Unamtia humu kwanza, gari litamkuta humu. Una kama nusu saa. Akamwita mmoja wetu aingie na nguo zake tuone inavyofanyika, watu wanne wakamshika. Yule jamaa alitukana kwa lugha zote anazozijua.

Mama, nilikuwa na miaka 18 na ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kuniambia kwamba kuna mahali kuvumilia ni kosa la kiufundi. Hakusema ni dhambi wala woga. Alisema kosa, kama kusimama mahali pasipo pako uwanjani.

Mama_Furaha

Asante. Karatasi bado sijasaini.

Chumvi_ya_Uvinza

Turudi kwenye kufikiri. Mkuu ulisema huko ndiko ulikuwa hohehahe.

mtoto_wa_Nyarugusu

Ndiyo. Hapa ndipo penyewe.

Lainibeki anasimama nyuma ya ukuta wa kwanza wa walinzi, katikati, anaona uwanja wote. Ni kama kondakta wa daladala: yeye ndiye anapiga kelele kila mtu akae wapi. Wapinzani wakijipanga, una sekunde chache za kutambua wamekaaje, upande gani una watu wengi, na kulitaja kwa neno moja ambalo walinzi wote kumi wanalielewa. Neno hilo ni la siri yenu, haliko kwenye kamusi. Tulipewa tableti yenye kitabu cha mbinu. Siku ya kwanza maneno kama thelathini. Siku ya pili mengine thelathini, na yale ya jana yamebadilika maana kwa sababu leo tumehamia upande mwingine wa uwanja.

Kiingereza nilikuwa nakijua miaka saba. Kile sicho. Chumba cha video kiko giza, kocha wa nafasi yetu anasimamisha picha, anakuita kwa jina la kwenye plasta: hapa wewe unaenda wapi? Nikajibu. Kimya. Nikajibu lingine. Mtu akakohoa. Kocha akasema polepole kabisa, bila hasira, "Umewapa pointi sita." Akaendelea na mwingine. Wakuu, nimegongwa na magari mawili ya nyama kwa wakati mmoja, sijaumia kama kile kikohozi.

Usiku nikawa naandika maneno yale kwenye daftari kwa Kiswahili. Neno moja la kwao, mbele yake kitu cha nyumbani. Mpangilio fulani wa wapinzani niliuita "foleni ya mgao", mwingine "harusi" kwa sababu wote wamejazana upande mmoja. Ndivyo vilivyoingia. Mpaka leo nikiona ule mpangilio, kichwani linakuja "harusi" kwanza, ndipo mdomo unatafsiri.

Siku ya vifaa kamili ilipofika nikadhani sasa watanijua. Mpira ukaanza, nikauona, nikaukimbilia kwa nguvu zangu zote kulia. Gadi, yule mtu wa safu ya mbele anayesimama karibu na katikati, akatokea kushoto kwangu akanichukua mbavuni. Nilisikia ladha ya shilingi mdomoni. Mpira wenyewe haukuwa kulia. Walijifanya kuupeleka kulia. Nikanyanyuka, nikarudia kosa lilelile mara tatu.

Kocha akanivuta kwa chuma cha mbele ya kofia. "Acha kuangalia mpira. Mpira ni mwongo. Mwangalie gadi."

Na ni kweli tupu. Kwotabeki, yule anayegawa na kurusha mpira, anaweza kudanganya, mkimbiaji anaweza kudanganya, lakini gadi ana kilo 140, hawezi kuigiza. Akichomoka akakimbia pembeni, mpira unaelekea huko anakokimbilia, mfuate. Akikujia ameinama, wanapita hapohapo ulipo, jiandae. Akiinuka kifua juu na kurudi nyuma, hawakimbii, watarusha, geuka ukalinde. Mambo matatu. Ilinichukua siku tisa kuacha kuangalia mpira, kwa sababu tangu nina miaka minne mpira ndicho kitu pekee nilichofundishwa kuangalia.

Siku ya kumi na nne hivi gadi alichomoka kulia, nikaenda naye kabla sijajua kwa nini, nikamkuta mkimbiaji mlangoni. Haikuwa ajali. Hakuna aliyeshangilia. Kocha akasema "Tena", maana yake turudie zoezi. Lakini kwenye kioo cha video usiku ule hakukohoa mtu.

Raga_Damu

Hiyo ya gadi nitaipeleka kwa madogo wetu, ingawa kwetu anayesema ukweli ni kiuno cha mtu. Angalia kiuno, usiangalie miguu.

Kiberenge

Tuliambiwa mwaka wa kwanza huwa wanaimbishwa. Uliimba?

mtoto_wa_Nyarugusu

Niliimba. Unapanda juu ya kiti kantini, wakubwa wanagonga meza. Wenzangu waliimba nyimbo za redio wakazomewa. Mimi nikapiga pambio la kanisani kwetu Nyarugusu, la kuitikiana, nikawafundisha kiitikio. Watu mia na zaidi wa Texas wanaitikia Kiswahili wakiwa na uma mikononi. Ilikuwa tamu sana. Ubaya ni kwamba waliipenda, wakanipandisha kitini kila Alhamisi mpaka Oktoba, na sasa lile pambio nikilisikia nyumbani naondoka chumbani.

Msichokiona kwenye picha ni kitanda cha mwenzangu wa chumba. Alikuwa mjileta kama mimi, mtoto wa shamba kutoka magharibi mwa Texas, mwenye mbio kuliko mimi. Siku ya kumi na moja niliamka kitanda chake kimetandikwa na kona zimekunjwa vizuri, begi halipo, na ule mkanda wa kufulia umewekwa juu ya mto. Hakuna aliyemtaja kwenye kikao. Plasta yake ilikuwa imeshabanduliwa.

Bwana_Takwimu

Na wajileta hali yao imekuwa ngumu zaidi. Tangu ile suluhu ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA iliyopitishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mpango wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja vina kikomo cha wachezaji 105 kwa timu. Zamani vyuo vikubwa vilikuwa na ufadhili wa 85, na juu yake wajileta wangapi tu. Wengi walikatwa kabla hata kambi haijaanza.

Halafu kwa wale wanaodhani damu yetu si ya mchezo huu: Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliichezea timu ya chuo cha Michigan, na Novemba 1995 aliwakimbia chuo cha Ohio State yadi 313 na mpira mkononi kwenye mechi moja. Mathias Kiwanuka aliyecheza timu ya kulipwa ya New York Giants ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

Chumvi_ya_Uvinza

Mjukuu wa waziri mkuu anagongana na watu wazima! Haya. Mtoa mada, mwisho ulicheza?

mtoto_wa_Nyarugusu

Mwaka ule? Hata dakika moja. Baada ya kambi niliwekwa kikosi cha kuigiza wapinzani: kila wiki unajifunza mbinu za timu mnayokwenda kukutana nayo, unavaa fulana ya rangi yao, unagongwa na watu wako ili wazoee. Mechi za ugenini nilitazama kwenye simu nikiwa bwenini. Nilianza kuingia uwanjani mwaka wa pili, kwenye kikosi cha mipira ya mateke. Ufadhili nimepata nusu, mwaka jana. Jina kwenye plasta lilirekebishwa kambi ya pili, na yule mzee wa stoo ndiye aliyeniuliza linaandikwaje.

Mama Furaha, kama bado upo: usimuulize kocha kama mchezo ni salama, atakuambia ndiyo. Nenda saa ya mazoezi. Uliza beseni la barafu liko wapi, na akuonyeshe kwa kidole, sio kwa maneno. Uliza nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mazoezi kocha asipotaka. Angalia kama watoto wanakunywa maji bila kuomba ruhusa.

Mama_Furaha

Nimerudi baada ya wiki, mnisamehe, nilikuwa zamu za usiku. Nilienda. Maji wanakunywa wenyewe. Tabibu yupo, kijana mpole. Nikauliza beseni, akanionyesha kwa kidole kama ulivyosema. Lilikuwa chini ya paa, limejaa mipira na koni za plastiki. Nikamuuliza mtoto akizidiwa anawekwa juu ya mipira au chini yake? Akacheka, mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja pale pale mpaka walipotoa vitu vyote, wakalisafisha na kuliwekea maji. Barafu waliileta saa kumi na moja jioni. Ndipo nikatafuta kalamu.